Mourine Geuza wa Kariobangi

Jua la Kariobangi lilikuwa halijapanda vyema, lakini nyundo zilikuwa zimekwisha kuamka. Upande huu mafundi wa jua kali walikunja mabati kuwa masanduku ya wanafunzi. Upande ule mashine ya kuchomelea ya fundi Andati ilitapika cheche kama fataki. Katikati ya makelele hayo, katika kibanda cha mabati kilichomtosha mtu na cherehani yake tu, Mourine Opicho alikuwa ameegemeza simu kwenye koni ya uzi, akiilenga kamera kwenye gauni la samawati alilolimaliza jana yake.

"Hamjambo nyote," aliiambia simu. "Nje mmeliona. Sasa tugeuze."

Akaligeuza gauni ndani nje, akapitisha kidole polepole juu ya mshono mmoja baada ya mwingine. Mishono ilikuwa imenyooka kama reli. Hakukuwa na nyuzi zilizoning'inia wala kingo zilizofumuka. Alionyesha bitana. Akaonyesha kitambaa cha akiba alichokiacha ubavuni ili mwenye gauni akinenepa asilazimike kushona jingine. Kisha akaileta kamera karibu na zipu.

"Hapa nilikosea mara ya kwanza nikafumua," alisema bila kuona haya. "Ukitazama sana utaona vitundu vya sindano. Mwenyewe nimemwonyesha, naye amekubali."

Hayo hayakuwa mazoea ya watu. Mtandaoni, picha za "nilichoagiza" na "nilicholetewa" zilikuwa zimegeuka kichekesho cha kila siku: mtu ameagiza gauni la malkia, akaletewa kitu mfano wa chandarua. Wanawake wengi wa Eastlands walikuwa wameumwa na nyoka, nao sasa wakiona ung'ongo walishtuka. Fundi wa mtandaoni kwao alikuwa mwizi mpaka athibitishe vinginevyo.

Mourine mwenyewe hakuwa amezaliwa na maarifa hayo. Miaka mingi alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha nguo huko Eneo la Viwanda, na kazi yake ilikuwa kola. Kola asubuhi, kola jioni. Shati zima hakuliona ila likipita mbali likielekea kwenye masanduku. Kiwanda kilipofungwa, yeye na wenzake walitoka langoni kama kuku waliofunguliwa wasijue pa kwenda. Wenzake wengine walienda kufua nguo za watu, wengine wakarudi Kakamega na Bungoma. Mourine, mama wa watoto wawili aliowalea peke yake, alipiga moyo konde, akanunua cherehani kuukuu na kukodi kibanda kando ya karakana ya Andati.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya nzi na vumbi. Kisha siku moja akaja Nurto, mwanamke wa Kisomali aliyekuwa na duka la vitambaa Eastleigh. Alikuwa ameshonewa dera na Mourine kwa kujaribu tu. Alipolipokea hakulitazama nje hata kidogo. Aliligeuza palepale, akaupitia mshono kwa ukucha, akavuta hapa, akavuta pale, huku Mourine akingoja kama mtahiniwa.

"Abaayo," Nurto alisema hatimaye, kwa neno la Kisomali alilowaitia wanawake wote aliowapenda, "nje kila mtu anajua kudanganya. Wewe ndani pia ni msafi. Kwa nini hakuna anayekujua?"

Swali hilo lilimkaa Mourine rohoni kama mwiba wa samaki. Kesho yake aliegemeza simu kwenye koni ya uzi akaanza. Video ya kwanza ilitazamwa na wachache, wengi wao jamaa zake. Ya pili vilevile. Lakini hakuchoka. Kila nguo iliyotoka mkononi mwake aliigeuza mbele ya kamera, iliyo nzuri na iliyo na dosari. Siku alipobandika mkono wa kulia upande wa kushoto, alijicheka mbele ya kadamnasi, akakata mkono mwingine kwa kitambaa alichokinunua mwenyewe. Video hiyo ndiyo iliyoruka. Watu walicheka naye, wakaitumiana, na punde si punde hapakuwa na aliyemwita Mourine Opicho tena. Akawa Mourine Geuza. Hata makanga wa magari ya Kariobangi walimjua. "Geuza, niaje!" walimwita akivuka barabara, naye akawapungia mkono huku moyo wake ukijaa shukrani isiyojua pa kutua.

Ndipo alipotokea Phares. Walikuwa wamesoma pamoja shule ya msingi. Sasa Phares alivaa miwani ya jua hata siku za mawingu, na riziki yake ilikuwa kuwakuzia watu kurasa zao za mtandaoni. Aliingia kibandani akakaa juu ya gunia la vipande vya nguo, akatoa simu mbili.

"Mourine, una kipaji, lakini unatembea na kobe," alisema. "Angalia huyu. Ana wafuasi kukushinda mara mia, na hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Picha anazitoa Lagos. Watu wanaona, wanaagiza, anatafuta fundi wa bei ya chini, kazi inaisha. Hiyo ndiyo kujenga chapa yako. Wafuasi pia wananunuliwa. Nipe ukurasa wako mwezi mmoja tu."

"Na zile nguo za Lagos nitaziweka kama zangu?"

"Wee! Nani atajua? Watu wanataka kuona maisha mazuri, hawataki kuona uzi."

Mourine alitabasamu, akamwambia angefikiria. Na kweli alifikiria, kwa maana hakuwa malaika. Karo ya shule ilikuwa inabisha hodi, na kila alipofungua simu aliwaona mafundi wenzake wakipaa kama tiara ilhali yeye akitambaa. Mchana mmoja alihifadhi picha ya gauni la harusi lililomeremeta kama maji ya mtoni, mkia wake mrefu umemwagika ngazini. Akaandika chini yake, "Kazi yangu ya wiki hii." Kidole kikaning'inia juu ya kitufe cha kutuma. Akajiwazia mtu mmoja tu akiuliza, "Tugeuzie tuone." Angegeuza nini? Akaifuta picha ile, na alipoifuta alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mtungi.

Phares aliporudi alimpa jibu la mkato. "Nashukuru, ndugu yangu, lakini niache na kobe wangu. Wewe unaiita chapa, mimi mama yangu alinifundisha kuiita jina. Jina likichafuka halina sabuni."

Phares alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake akilikosa gari la mwisho, akaenda zake.

Miezi ikapita. Kobe alitambaa, lakini alifika. Wateja walitoka Umoja, Dandora, Majengo, hata ng'ambo ya mji. Na katika wateja hao, aliyemgusa Mourine kuliko wote alikuwa Kezia.

Kezia alikuwa muuguzi, msichana mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Alikuja kibandani na shangazi yake, Senje Beldina, mama wa miraba minne aliyekuwa karani wa baraza la jiji hadi alipostaafu, ambaye jicho lake lilitosha kumnyamazisha mtoto aliaye. Harusi ilikuwa ifanyike Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kezia alifungua mfuko, akatoa kitambaa kilichofungwa kwa karatasi laini. Kilikuwa lesi nyeupe iliyotariziwa maua madogo.

"Mama aliinunua nikiwa ningali chuoni," alisema. "Aliiweka sandukuni akaniambia, 'Siku yako ikifika, hii ndiyo utakayovaa.' Siku imefika, yeye ametangulia."

Mourine aliipokea lesi ile kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga.

"Tumekuja kwako kwa sababu ya zile video zako," Senje Beldina alisema, akimkazia macho. "Mimi watu wa kwenye simu siwaamini. Huyu mtoto ndiye amenisumbua. Usiniaibishe mbele ya ukoo."

"Sitakuaibisha, mama."

Alishona gauni hilo kwa subira ya mtu asukaye nywele za bintiye. Magauni ya wasimamizi wa Kezia yalifuata. Ijumaa, wiki moja kabla ya harusi, yote yalikuwa yamening'inia kibandani yamefunikwa kwa shuka, yakisubiri kupigwa pasi na kuchukuliwa. Jumapili Mourine akaenda kanisani, akaimba kwa sauti yake yote.

Jumatatu alfajiri Andati alimpigia simu. Hakusema salamu. "Dada, njoo. Kuna moto."

Alipofika, hapakuwa na kitu cha kuokoa. Hitilafu ya umeme ilianzia mwisho wa safu ya vibanda, na upepo ukaufikisha moto kwake kabla ya majirani kupata maji. Andati na mafundi wengine walikuwa wamejitahidi kwa ndoo mpaka nyusi zao zikaungua. Mabati yalikuwa yamejikunja kama majani makavu. Cherehani ilisimama katikati ya majivu, nyeusi, imebaki mifupa. Mourine aliinama, akaokota kipande cha kitu kilichokuwa cheupe. Kilisagika vidoleni kikawa unga. Alifungua kinywa alie, sauti ikakataa kutoka.

Habari mbaya ina miguu mingi. Jua lilipochomoza Phares alikuwa amefika, safari hii bila miwani. Alimvuta kando.

"Pole sana. Nisikilize sasa kama rafiki. Zima simu. Funga ukurasa. Watu wana nguo zao hapa, watakurarua mtandaoni vipande vipande. Nimeona wengi. Unanyamaza miezi kadhaa, unaanza upya kwa jina jingine. Hakuna anayekumbuka."

Mourine alimtazama kwa macho mekundu. Ushauri ule ulikuwa mtamu kama usingizi. Kuzima simu, kujifunika blanketi, kuamka akiwa mtu mwingine! Lakini huyo mtu mwingine angekuwa nani? Na Kezia angesimama vipi kanisani Jumamosi?

"Asante, Phares," alisema. "Lakini kuna mtu ambaye hapaswi kuyasikia haya kwenye simu."

Alikwenda hivyo hivyo, na majivu miguuni, hadi nyumbani kwa akina Kezia, Umoja. Sebule ilikuwa imejaa masufuria ya kuazima na maua ya karatasi. Kezia alitoka akitabasamu, akidhani ameletewa nguo. Alipoona mikono mitupu na uso ule, tabasamu likafa.

Mourine hakuzunguka mbuyu. "Kibanda kimeungua alfajiri. Nguo zote zimeungua. Na lesi ya mama. Sina la kujitetea. Nimekuja uisikie kwangu."

"Umesema nini?" Senje Beldina alinyanyuka kutoka kitini kama simba jike. "Lesi ya marehemu? Nilisema! Nilisema watu wa kwenye simu si watu! Mtoto amebakiza siku ngapi? Atavaa nini, shuka? Utatupeleka wapi na aibu hii?"

Mourine aliinamisha kichwa, akayapokea yote. Kezia alisimama akitazama ukuta ilipotundikwa picha ya mama yake, machozi yakimtiririka bila sauti. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango taratibu. Mlango ule uliofungwa kwa upole ulimuumiza Mourine kuliko maneno yote ya Senje Beldina.

Alirudi Kariobangi, akaketi juu ya jiwe mbele ya majivu, akaazima simu ya Andati kwa kuwa yake ilikuwa imeishiwa chaji. Hakujipangusa uso. Hakutafuta mwanga mzuri.

"Hamjambo," alisema. "Mnanijua kwa kugeuza nguo. Leo sina nguo ya kugeuza. Nyote mlioniachia vitambaa, vimeungua. Sitafunga ukurasa huu wala sitabadilisha jina. Nitamshonea kila mmoja wenu upya, hata ikinichukua mwaka. Sijui nitaanzaje, ila nitaanza. Bibi harusi mmoja amepoteza kitu ambacho siwezi kukinunua popote. Naomba mniombee kwa Mungu, huyo anisamehe. Ni hayo tu."

Hakuomba mchango. Hakutaja hata namba ya simu. Akamrudishia Andati simu yake, akaenda nyumbani kwa mama yake, alikowaacha watoto alfajiri, akajilaza kifudifudi.

Mtandaoni, mambo yakaanza kuchemka. Wa kwanza kuandika walikuwa wale wasiokosekana: "Hiyo ni kiki tu, anatafuta huruma." "Amekula pesa za watu, sasa anasingizia moto." Maneno yale yangeachwa yasambae, yangemteketeza kuliko moto wenyewe. Lakini hayakuachwa. Mwanamke mmoja wa Dandora alijirekodi akiwa amevaa sketi ya Mourine, akaigeuza mbele ya kamera. "Hii nimeivaa miaka miwili. Tafuteni uzi mmoja uliotoka," alisema. Mwalimu wa Majengo akaigeuza sare ya kwaya. Kijana mmoja akasimulia jinsi Mourine alivyomwita arudi kibandani kuchukua kipande cha kitambaa kilichobaki, kipande ambacho fundi angeweza kukigeuza leso mwenyewe asijue. Mmoja alimchokoza mwenziwe, mwenziwe akamchokoza jirani, hadi jioni kurasa za watu zikajaa nguo zilizogeuzwa ndani nje. Hakuna aliyewatuma. Kila mmoja alisema alichokijua.

Na Phares? Yeye aliyeshauri simu izimwe alikaa akizitazama video zile. Katika kazi yake alikuwa amenunua wafuasi wengi, lakini hakuwahi kumwona mfuasi wa kununuliwa akimtetea mtu. Akaichukua video ya Mourine, akaipachika kwenye kila ukurasa aliousimamia. Kisha akawapigia simu wenye kurasa hizo, mmoja baada ya mwingine, kuwaeleza kwa nini.

Asubuhi ya Jumanne Mourine aliamshwa na mlango ukigongwa kama unavunjwa. Alikuwa Nurto, na nyuma yake mkokoteni uliosheheni majora ya vitambaa: satini, vitenge, lesi, bitana.

"Abaayo, umelala?" Nurto alifoka. "Harusi inalala? Inuka!"

"Nurto, siwezi kuvilipa hivi vyote."

"Nimekuuliza malipo? Dukani kwangu wanawake wangapi wameingia wakisema, 'Mourine Geuza ametuambia kitambaa chako hakichuji'? Ulinitangaza bila kuniomba kitu. Leo acha na mimi nikutangaze. Inuka, nimesema!"

Kanisa alikosali Mourine lilikuwa limefungua ukumbi wake kwa kazi hiyo. Mourine alipoingia alisimama mlangoni. Ukumbi ulikuwa unanguruma kwa cherehani. Waliozishikilia walikuwa wanawake wa kiwandani, wale wenzake wa zamani: wa mifuko, wa vifungo, wa mikono, wa pindo. Mmoja alikuwa amesafiri kutoka Kakamega na cherehani yake ya mkono mapajani. Kila mmoja alikuwa ameiona video ile mahali alipokuwa, wakapigiana simu usiku kucha, kila mtu akajua kazi yake ilipo.

"Mulembe, mama kola!" walimpokea kwa kicheko. "Tumekosa mtu wa kola hapa!"

Sasa ile sauti iliyokataa kutoka mbele ya majivu ilitoka. Mourine alilia kama mtoto, akikumbatiwa na huyu akipokezwa kwa yule. Andati aliyekuwa akirekebisha waya za umeme alijifanya kuna kitu kimemwingia jichoni. Baadaye kidogo Phares akaingia amebeba meza ya kupigia pasi kichwani, jasho likimtoka. Mourine alimpa pasi, akamwonyesha mahali pa kuchomeka waya.

Walishona. Magauni ya wasimamizi yalizaliwa upya moja baada ya jingine. Lakini gauni la bibi harusi Mourine hakuligusa. Aliitazama lesi mpya aliyoletewa na Nurto, nzuri kuliko ile ya kwanza, na mkasi ukawa mzito mkononi. Hakuwa amesikia neno kutoka kwa Kezia tangu mlango ule ufungwe. Hakujua kama bado alikuwa fundi wake.

Jumatano alasiri, mlango wa ukumbi ulifunguliwa. Cherehani zikanyamaza moja moja. Senje Beldina alisimama pale, Kezia ubavuni mwake.

Mama yule wa miraba minne alitembea hadi mbele ya Mourine. Kila mtu alibana pumzi akisubiri radi.

"Nimepigiwa simu na watu nisiowajua," Senje alisema. "Tangu Jumatatu, maana Umoja nzima inajua harusi hiyo ni yetu. Wengine wananieleza wewe ni nani. Nikawaambia hakuna haja, kwa sababu mtu aliyekuja mwenyewe mlangoni kwangu na majivu miguuni, nimekwisha kumjua." Sauti yake kubwa ikapasuka. "Nilikusema vibaya, mwanangu. Hasira ilikuwa ya msiba, haikuwa yako."

Kezia alikuwa amefungua mfuko. Humo alitoa gauni la kitenge, la kijani na dhahabu, limefifia mabegani kwa miaka ya jua na sabuni.

"Lesi imeenda, dada Mourine," alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Nimelia, nimemaliza. Nadhani bado nitalia tena. Lakini hili ndilo gauni mama alilokuwa akivaa Jumapili. Lesi ile hakuwahi kuivaa hata siku moja. Hili alilivaa akanipeleka nalo shule, akanitembelea nalo bweni. Unaweza kuliweka mahali ndani ya langu?"

"Naweza," Mourine alinong'ona. "Nitaliweka penye moyo."

Na ndivyo alivyofanya. Kitenge cha marehemu kiligeuka bitana ya kifua cha gauni jeupe, kikitokeza kidogo tu shingoni kama ukingo wa dhahabu. Senje Beldina alikaa kwenye benchi akichambua uzi na kupika chai ya maziwa kwa sufuria la kuazima, akiwafokea wote waliochelewa kunywa.

Jumamosi kanisa lilifurika. Kezia alipoingia, minong'ono ilipita safu hadi safu kama upepo kwenye mtama. Alikuwa ameweka mkono mmoja kifuani tangu mlangoni hadi madhabahuni, na waliojua walijua kwa nini. Mourine alikuwa ameketi viti vya nyuma kabisa na wenzake wa kiwandani. Ibada ilipokwisha, mchungaji aliwaomba washonaji wasimame. Mourine alibaki ameketi, akiwasukuma wenzake wanyanyuke. Hawakukubali. Walimshika makwapa, huyu huku, yule kule, wakamwinua juu kama mwali, na vigelegele vya akina mama wa Kakamega na Bungoma vikatikisa dari.

Andati alimjengea kibanda kipya cha chuma, akamwambia mabati yalikuwa mabaki tu, ingawa yalinukia rangi mpya. Mourine aliwashonea upya wateja wote waliounguliwa na vitambaa, hata mmoja hakukosa. Wengi walipokuja kuchukua nguo walikataa kurudishiwa hata shilingi ya malipo yao ya awali. Wenzake watatu wa kiwandani hawakurudi walikokuwa; walibaki naye, na kazi ikawatosha wote wanne. Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, Mourine alisimama kidogo mlangoni akayasikiliza makelele ya nyundo za Kariobangi, akamshukuru Mungu, kisha akawashukuru watu kwa majina, kimoyomoyo, mpaka alipofika kwa yule aliyesafiri na cherehani mapajani.

Siku moja vijana fulani walimwendea Phares, wakamwomba awafundishe namna ya kupata jina haraka mtandaoni. Walitarajia awauzie wafuasi kama ilivyokuwa desturi yake. Phares aliweka simu zake mezani kwanza.

"Haraka sijui," aliwaambia. "Wafuasi naweza kuwanunulia hata leo, na mchana mtapendeza. Lakini siku ya giza itakuja, hiyo haina mjadala, na siku hiyo wa kununuliwa hawaonekani. Nendeni kwanza mkafanye kazi ambayo mtu akiambiwa habari zenu atasema, 'Huyo namjua.' Mimi nilikuwapo, nikaona kwa macho yangu: jina jema hung'aa gizani."